Kura za Mlima Zilipokataa Kupangwa: Je, Wanaohama ni Wapiga Kura au ni Wanasiasa Tu?

Msomaji mmoja wa Likoni, Mombasa, ameniandikia swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu uchaguzi wa Agosti 2022, ila yeye ameliuliza kwa uwazi kuliko wengi. Anasema kwamba tangu utotoni amesikia wazee wakisema kuwa kura nchini Kenya humfuata kigogo wa eneo, na kwamba mkubwa akihama watu wake huhama naye. Mbona basi Rais Uhuru Kenyatta alipowaomba watu wa Mlima Kenya, eneo la nyumbani kwake, wamchague Raila Odinga, wao wakampa William Ruto? Na sasa, tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027, kila wiki inatangazwa kwamba fulani amehamia mrengo fulani pamoja na kura zake: je, ni wapiga kura wanaohama, au ni wanasiasa peke yao? Mwisho anauliza la nyumbani kwao, kama Pwani nayo itahama.

Nitangulize jibu, kisha nieleze nimelipataje. Wapiga kura wa Kenya huhama, tena mara nyingi kuliko wanasiasa wanavyokiri, lakini ni nadra sana wahame kwa sababu tu wameambiwa wahame. Kigogo huonekana ameongoza pale anapoelekea upande ambao watu wake walikuwa wameshaanza kuuelekea. Akigeukia upande mwingine, hujikuta anatembea na walinzi wake tu. Isitoshe, kuhama kukubwa zaidi katika chaguzi zetu si kule kwa kumwacha mgombea huyu na kumwendea yule. Ni kule kwa mtu aliyejipanga foleni saa kumi na mbili asubuhi uchaguzi uliopita, ambaye safari hii anaamua kubaki nyumbani. Huyo hatangazwi na mtu, wala hapokewi jukwaani kwa kofia na fulana, lakini ndiye aliyeamua mengi mwaka wa 2022.

Tazama kwanza maeneo ya Wakalenjin katika Bonde la Ufa, kwa kuwa ndiyo hutolewa mfano wa kura inayofuata kigogo bila maswali. Mnamo 2002, Rais Daniel arap Moi alipokuwa akistaafu na KANU ikamsimamisha Uhuru Kenyatta, maeneo hayo yalimpa Uhuru kura zao kwa wingi. Miaka mitano baadaye yalimpa Raila Odinga wa ODM, na Ruto alikuwa mmoja wa vinara wa chama hicho waliojiita Pentagoni. Mnamo 2013 yalirudi kwa Uhuru, Ruto akiwa mgombea mwenza wake kupitia URP. Mnamo 2017 yakabaki hapo chini ya Jubilee. Na mnamo 2022 yakampa Ruto mwenyewe chini ya UDA. Kwa hiyo mpiga kura yule yule wa Kapsabet, katika miaka 20, amepitia vyama vitano, amemchagua Uhuru, akamwacha, akamrudia. Anayeutazama mfululizo huo kwa haraka husema kwamba alikuwa akimfuata Moi, kisha akamfuata Ruto. Mimi naona jambo jingine. Mnamo 2007 ODM ilikuwa imesimama na hoja ya kugatua mamlaka, hoja yenye mizizi mirefu katika eneo hilo tangu mjadala wa majimbo wa miaka ya 1960. Kisha mwaka wa 2009 ikaja kadhia ya kuwaondoa watu katika msitu wa Mau, wakati Raila akiwa Waziri Mkuu na ndiye sura ya serikali katika suala hilo. Waliofukuzwa Mau, na jamaa zao waliowapokea, hawakuhitaji kuambiwa na Ruto kwamba wamemchoka Raila. Ruto aliisema hasira iliyokuwapo, akaipa jina na chama, na kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilizomkabili yeye na Uhuru zikaiongezea uzito. Alikuwa mwanasiasa hodari wa kusikiliza upepo kabla ya kutweka tanga, na huo nao ni ustadi mkubwa, lakini hauna maana kwamba upepo ulikuwa wake.

Ushahidi wa upande wa pili ni Moi mwenyewe. Alikuwa rais kwa miaka 24, ana dola, ana chama, ana machifu, lakini alipojaribu kumrithisha Uhuru mwaka wa 2002, Mwai Kibaki wa NARC alishinda kwa takriban asilimia 62 dhidi ya 31. Tena katika Mkoa wa Kati, nyumbani kwa wagombea wote wawili, wengi walimchagua Kibaki. Wanaodhani kwamba kila kura ya Kenya inaelezeka kwa kabila wana kazi ya kueleza uchaguzi ule, kwa sababu wagombea wakuu walikuwa wa jamii moja, na nchi nzima ilikuwa inaamua kama inataka KANU iendelee au iondoke.

Jambo moja ambalo wasomaji wengi hulisahau linafaa kuwekwa hapa. Tangu 2002 hakuna chama hata kimoja kilichoshinda urais mara mbili. Kibaki aliingia na NARC, akarudi na PNU mwaka wa 2007. Uhuru aliingia na muungano wa TNA na URP, akarudi mwaka wa 2017 na Jubilee iliyoundwa Septemba 2016 kwa kuviunganisha vyama vidogo. Ruto akaingia na UDA. Nikiulizwa kuhusu uaminifu wa mpiga kura kwa chama, huwa nauliza kwanza: chama kipi? Hapa kwetu chama ni gari la kukodi. Abiria hawalipendi gari, wanatazama linaelekea wapi na nani ameketi mbele. Ni kweli kwamba ODM imedumu tangu vuguvugu la kura ya maoni ya Novemba 2005, lakini hata yenyewe ilidumu kwa sababu Raila aliketi humo.

Sasa nije Mlimani, ambako swali lenyewe lilianzia.

Mnamo 9 Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, na nchi iliyokuwa imegawanyika kwa uchungu tangu Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais hapo 1 Septemba 2017 ikapumua. Sina shaka kwamba handisheki ile iliokoa mengi. Lakini tujiweke mahali pa mkulima wa chai wa Murang'a au mwenye duka la vipuri Thika. Katika uchaguzi wa 2013 na tena katika ule wa 2017, viongozi wake walimweleza mchana na usiku, kanisani na redioni, kwa lugha yake ya nyumbani, kwamba Raila ni hatari kwa mali yake na kwa watoto wake. Waliifanya kazi hiyo vizuri mno, kiasi kwamba mwaka wa 2017 Uhuru alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura katika kaunti za Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Nyandarua. Kisha asubuhi moja mwalimu yule yule anaingia darasani na kusema kwamba somo lote lilikuwa limekosewa, bila kueleza ni wapi lilikosewa. Miaka minne haikutosha kufuta hofu iliyojengwa kwa miaka kumi, na kwa kweli hakuna aliyejitahidi sana kuifuta. Ilidhaniwa kwamba amri ingetosha.

Upande wa pili kulikuwa na deni. Mikutano mingi ya Jubilee ilikuwa imepambwa kwa ahadi kwamba Uhuru angeongoza miaka kumi, kisha Ruto naye kumi, na watu walikuwa wameishangilia ahadi hiyo kwa sauti zao wenyewe. Katika maadili ya kawaida ya watu wa kule, na nadhani ya Pwani pia, anayevunja ahadi aliyoitoa mbele ya hadhira huwaaibisha na wale waliopiga makofi. Kwa Wakikuyu wanaoishi Bonde la Ufa, Eldoret, Burnt Forest na Molo, deni hilo halikuwa la heshima tu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu, na mapatano ya Uhuru na Ruto ya 2013, kwa kasoro zake zote, ndiyo yaliyowapa majirani hao usingizi. Mtu aliyewahi kulala kwenye hema la wakimbizi wa ndani anapoambiwa avunje mapatano hayo, swali lake la kwanza si nani ana sera nzuri ya ushuru.

Halafu kuna tumbo. Hapa ndipo kampeni ile ilipogeuka kichekesho ambacho mimi, kwa miaka yote niliyofuatilia siasa za nchi hii, sijaona mfano wake. Naibu Rais aliyekuwa madarakani tangu 2013 alijisimamisha kama mpinzani, na mpinzani wa maisha yake yote akavikwa koti la serikali. Ruto alipokea nembo ya wilibaro, akawaita wachuuzi, wanabodaboda na mama mboga kwa jina la mahasla, akaupanga uchaguzi kuwa shindano kati yao na nasaba za watawala, yaani wana wa Jomo Kenyatta na wa Jaramogi Oginga Odinga. Mtu anaweza kuudhihaki mgawanyo huo, kwa kuwa aliyeuhubiri alikuwa mwenye mali nyingi na cheo kikubwa, lakini ulikuwa na kazi maalumu ambayo wapinzani wake walichelewa kuielewa: ulimpa mpiga kura wa Mlima sababu ya kumchagua Mkalenjin bila kujiona amewasaliti watu wake. Unga wa mahindi wa kilo mbili ulipopita shilingi 200 katikati ya 2022, na serikali ikatangaza ruzuku ya kuushusha hadi shilingi 100 wiki chache tu kabla ya kura, lawama ilimwangukia Uhuru, na kwa kuwa Uhuru alisimama nyuma ya Raila, ikamwangukia Raila pia.

Dalili zilikuwapo mapema kwa aliyetaka kuziona. Mei 2021 mgombea wa Jubilee alishindwa katika uchaguzi mdogo wa Juja, kaunti ya Kiambu, nyumbani kwa rais, na kiti kikachukuliwa na chama kidogo cha PEP. Julai mwaka huo huo, huko Kiambaa (hii ni Kiambaa ya Kiambu, si ile ya karibu na Eldoret ambayo kanisa lake lilichomwa Januari 2008), UDA iliishinda Jubilee kwa kura 510. Wabunge wa mrengo wa Kieleweke, waliokuwa upande wa rais, walisema hizo ni chaguzi ndogo tu. Wenzao wa Tangatanga, waliokuwa upande wa Ruto, walijua kwamba mtu wa Kiambu aliyeweza kumkatalia rais wake mara moja, akaona jua limechomoza kesho yake kama kawaida, angeweza kumkatalia tena.

Nakiri kwamba nami nilikosea. Tafiti nyingi za maoni zilizotolewa mwishoni mwa Julai 2022 zilimweka Raila mbele, na niliziamini kuliko nilivyoziamini zile kura 510 za Kiambaa. Azimio, muungano wa Raila, ilikuwa imemteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza, mwanamke mwenye rekodi ndefu na mzaliwa wa Kirinyaga, nami nikafikiri kwamba jina lake lingefungua mlango. Kirinyaga ilimpa Ruto ushindi mkubwa. Hata hivyo si haki kusema kwamba juhudi za Uhuru na Karua hazikuhamisha kitu: Kiambu, ambako Raila hapo awali alikuwa akipata kura chache za kuhesabika, safari hii alipata karibu robo. Watu walihama, ila hawakuhama kwa wingi uliotarajiwa, na wengine ambao hawakumtaka Ruto wala hawakuweza kumchagua Raila walikaa kimya.

Neno lililovuma katika kampeni ile lilikuwa "hatupangwingwi", yaani hatupangwi. Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki pamoja na "madoadoa", "kwekwe" na, kwa ajili yenu wa Pwani, "wakuja". Nilikubaliana na tume kuhusu matatu ya mwisho, kwa kuwa yanawahesabu majirani kuwa uchafu au wavamizi. Lile la kwanza sikuliona kuwa chuki. Lilikuwa maelezo sahihi ya hali ya mpiga kura kuliko ripoti nyingi zilizoandikwa na wataalamu, nami nikiwa mmoja wao.

Usidhani kwamba hali ya Mlima ni ya Mlima peke yake. Januari 2022 Musalia Mudavadi wa ANC na Moses Wetang'ula wa Ford Kenya walijiunga na Ruto, na katika mapatano ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, waliahidi kuleta asilimia 70 ya kura za Magharibi. Bungoma, ambayo mwaka wa 2017 ilikuwa ya Raila, ilihamia kwa Ruto. Kakamega na Vihiga hazikuhama. Hata Vihiga, nyumbani kwa Mudavadi, ilibaki na Raila. Ni muungano mmoja, wakati mmoja, ahadi moja, na mazao mawili tofauti. Tofauti, kwa maoni yangu, ilikuwa kwamba Ford Kenya ina mizizi Bungoma tangu siku za Michael Wamalwa, ina madiwani, ina mgombea wa ugavana aliyeshinda kwa tiketi yake, na watu wake walikuwa na sababu za mahali pao za kutafuta njia mpya, ilhali Vihiga walikuwa na ODM iliyojengeka mashinani na gavana wake akichaguliwa tena kwa tiketi hiyo. Aliyehamia mahali penye nyumba alipokewa. Aliyehamia mahali pasipo na nyumba alilala nje.

Hebu sasa tuzitazame tarakimu za nchi nzima, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha kumwogopa yule mpiga kura anayebaki nyumbani. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila akapata 6,942,930. Tofauti yao ni 233,211. Kwa kuwa Katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, Ruto aliepuka duru ya pili kwa kura zisizofika 70,000. Lakini linganisha na Agosti 2017. Uhuru, akiwa na Ruto, alipata zaidi ya milioni 8.2, Ruto alishinda mwaka wa 2022 akiwa na kura milioni moja pungufu, ingawa daftari la wapiga kura lilikuwa limekua kutoka milioni 19.6 hadi milioni 22.1. Na Raila, aliyeungwa mkono na rais aliyekuwa madarakani, aliongeza kura zisizofika 200,000 juu ya zile za 2017. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 86 mwaka wa 2013, karibu 79 mwaka wa 2017, na karibu 65 mwaka wa 2022. Ukizisoma tarakimu hizo pamoja utaona kwamba habari kubwa haikuwa ya watu waliovuka kutoka kambi hadi kambi. Mamilioni waliikataa karamu yenyewe, na Ruto alishinda kwa sababu wageni wake walipungua kidogo kuliko wageni ambao Raila alihitaji kuwaongeza.

Mjadala wa kichama wa miezi ya mwisho ulichangia uchovu huo. Pande mbili zilikuwa zikibishana juu ya nani ni mwizi mkubwa zaidi, na pale ambapo ingewezekana kuwasikia pamoja, yaani mdahalo wa urais wa 26 Julai 2022, Raila hakufika, na Ruto akasimama peke yake akijibu maswali ya wanahabari kwa muda wote. Mashabiki wa kila upande waliona ushindi. Kwa mtu ambaye hakuwa shabiki, nadhani jioni ile ilithibitisha kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kumshawishi.

Kuhusu wanasiasa wanaohama, maelezo ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiroho. Katiba, Kifungu cha 103, inasema kwamba mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akikihama hupoteza kiti. Ndiyo maana katikati ya muhula mbunge huzunguka na mrengo mwingine huku jina lake likibaki katika daftari la chama cha zamani, na ndiyo maana miezi michache kabla ya uchaguzi huzuka mafuriko ya "kuhama" yanayoonekana kama mtikisiko wa nchi. Mara nyingi huyo mbunge amepima ni tiketi ipi itampitisha mchujo katika eneo lake, yaani amewafuata wapiga kura wake waliokwisha kuhama. Ukitaka kujua nani anamfuata nani, angalia tarehe: kama minong'ono ya sokoni ilitangulia tangazo lake, basi yeye ndiye mfuasi.

Hapo ndipo tulipo sasa kuelekea 2027, na mizani imepinduka kwa namna ya ajabu. Baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kuingia bungeni tarehe 25 Juni 2024, Ruto alivunja baraza la mawaziri na kuwaingiza wanachama wa ODM, miongoni mwao John Mbadi katika Hazina na Hassan Joho katika Madini. Oktoba mwaka huo bunge lilimwondoa madarakani Naibu Rais Rigathi Gachagua, mwana wa Nyeri, na Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akashika nafasi yake. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini mkataba wa ushirikiano, na mnamo 15 Oktoba 2025 Raila akafariki nchini India. Kwa hiyo Ruto sasa yuko pale alipokuwa Uhuru mwaka wa 2018: anahitaji kura za watu ambao kambi yao wenyewe iliwafundisha kumchukia, na mtu wa pekee aliyeweza kuwaeleza kwa nini wasamehe hayupo tena. Wanaosema kwamba kura za Luo Nyanza "ziliachwa" kwa mrithi wa ODM kama shamba la urithi wanarudia kosa la 2022. Kura ile ilikuwa ya Raila kwa sababu alikuwa amekaa kizuizini kwa ajili yake na amegombea urais mara tano. Haina hati miliki inayosomwa mbele ya kadhi.

Kosa hilo hilo naliona kwa Gachagua, aliyeanzisha chama cha DCP mwezi wa Mei 2025 na kuzungumza kana kwamba Mlima wote umo ndani ya koti lake. Uchungu wa kuondolewa kwake ni wa kweli na umeenea, hasa Nyeri, Murang'a na Kiambu. Lakini Mlima una pande mbili, na katika uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, Novemba 2025, mgombea wa UDA alimshinda kwa tofauti isiyofika kura 1,000 mgombea aliyeungwa mkono na Gachagua. Sisemi kwamba matokeo yale ni utabiri, maana katika uchaguzi mdogo serikali huweza kumwaga mawaziri na miradi katika eneo bunge moja kwa namna isiyowezekana katika maeneo 290 kwa siku moja. Nasema tu kwamba Mlima uliokataa kupangwa na rais unaweza pia kukataa kupangwa na aliyefukuzwa na rais.

Kuhusu vijana wa Juni 2024, nitakuwa mwangalifu kuliko wanaowaimba. Katika daftari la 2022, watu wa umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na ile ya 2017, ingawa nchi ilikuwa na vijana wengi zaidi. Vijana hawa ndio wapiga kura wa kwanza niliowaona ambao kauli yao ilikuwa kwamba hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Ikiwa wataandikishwa na kujitokeza, hesabu zote nilizozitoa hapo juu zitahitaji kuandikwa upya. Ikiwa hawataandikishwa, watakuwa wamehamia kule walikohamia wazazi wao waliochoka.

Na Pwani je? Ndugu yangu, swali lako linadhani kwamba Pwani haijahama bado, na hapo sikubaliani nawe. Mei 2022 Amason Kingi, gavana wa Kilifi wakati huo, alikiondoa chama chake cha PAA katika Azimio na kukipeleka kwa Ruto, na baadaye akawa Spika wa Seneti. Hata hivyo Kilifi ilimpa Raila kura zake. Kwale nayo ilimchagua Raila kwa urais, lakini siku hiyo hiyo, katika karatasi nyingine, ikamchagua Fatuma Achani wa UDA kuwa gavana. Nairobi ilifanya vivyo hivyo, Raila kwa urais na Johnson Sakaja wa UDA kwa ugavana. Mpiga kura anayegawa karatasi zake namna hiyo hajapotea njia, wala hakununuliwa nusu. Anajua kwamba karatasi moja ni ya Ikulu na nyingine ni ya zahanati na maji, na amekataa kupiga "suti", yaani kuchagua chama kimoja katika karatasi zote, aliyoshonewa na mwingine. Huko ni kuhama kwa hatua, na kwa uzoefu wangu ndiko kunakodumu.

Mombasa ni habari nyingine. Kaunti yako ilikuwa na zaidi ya wapiga kura 640,000 walioandikishwa mwaka wa 2022, na waliofika kituoni kwa kura ya urais hawakufika nusu, kiwango cha chini kuliko karibu kila mahali nchini. Tume ya uchaguzi iliziweka mtandaoni fomu za 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, na yeyote anaweza kuzisoma kituo kwa kituo. Kabla ya kuuliza kigogo gani wa Pwani atahamia wapi, tafuta fomu ya kituo chako cha Likoni, utoe idadi ya waliopiga kura katika idadi ya walioandikishwa, kisha uwaulize majirani zako kwa majina kwa nini hawakwenda. Waliobaki nyumbani Mombasa peke yake siku ile walikuwa wengi kuliko zile kura 233,211 zilizoamua urais.